Yule bosi aliyemuuza Forsberg: tulimwonea au alistahili?

Leo naomba tuziache Simba na Yanga zipumzike kidogo, twende kwenye barafu. Najua wapo watakaosema huyu jamaa naye, hoki ya barafuni inatuhusu nini sisi wa jua kali? Inatuhusu. Kwanza, majirani zetu Wakenya wana timu yao, Ice Lions ya Nairobi. Mwaka 2018 vijana hao walipelekwa Kanada na kampuni moja ya kahawa ya kule, wakaingia uwanjani pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao kwa mchezo ule ni kama Messi na Mbappé. Mwaka 2024 Kenya ikapewa uanachama kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Pili, ubishi nilionao leo ni ule ule tunaobishana kila siku kijiweni: timu ina dogo mwenye kipaji, bado hajaiva, na bosi ana haraka ya kombe. Amuuze apate mkongwe wa kumsaidia leo, au amvumilie?

Wewe uliyelipia nusu saa hapo kafe, tulia. Nitajitahidi usijute.

TUANZE NA WAGENI

Ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada inaitwa NHL. Kule mchezaji hanunuliwi kwa pesa kama kwenye soka la Ulaya. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa sita, kunakuwa na uteuzi wa vijana, wenyewe wanauita drafti (siyo ile ya vizibo vya soda mnayokesha nayo pale kijiweni). Timu zinapokezana kuchagua vijana wa miaka 18 na kuendelea, zile zilizofanya vibaya zikitangulia. Ukishachaguliwa, haki ya kukuchezesha ni ya timu hiyo. Ikitaka kukuondoa, inakubadilisha na mchezaji wa timu nyingine. Wewe dogo hawakuulizi, unapigiwa simu tu.

Kitu cha pili cha kujua ni kwamba tangu mwaka 2005 kuna kikomo cha mishahara. Timu hairuhusiwi kulipa wachezaji wake zaidi ya kiwango fulani, hata tajiri wake awe na visima vya mafuta. Na mkataba wa kwanza wa kijana nao una kikomo chake, mshahara wake ni mdogo ukilinganisha na wa nyota. Ndiyo maana dogo anayejua ni lulu: anakufungia mabao ya mtu wa mamilioni kwa bei ya chee.

Kitu cha tatu. Uwanjani wanakuwa watano na kipa, lakini hawakai dakika zote. Wanaingia na kutoka kwa zamu, zamu moja haifiki hata dakika moja, maana ile mbio ni ya kukata pumzi. Washambuliaji wamepangwa safu nne. Safu ya kwanza inaweza kucheza dakika 20 kwa mechi, safu ya nne dakika 8 au 10. Shikeni hapo, tutarudi.

KISA CHENYEWE

Mwaka 2012 Washington Capitals walimchagua Filip Forsberg, kijana wa Kiswidi aliyezaliwa Östervåla mwaka 1994. Alikuwa namba 11. Kabla ya uteuzi, ofisi ya maskauti ya ligi ilikuwa imemweka namba moja kati ya wachezaji wa ndani kutoka Ulaya. Kumpata namba 11 ilikuwa kama kuokota pesa barabarani.

Hawakukaa naye hata mwaka. Tarehe 3 Aprili 2013, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, meneja mkuu wa Washington, George McPhee, akampeleka Nashville Predators. Kwa malipo akamchukua Martin Erat, Mcheki wa miaka 31, pamoja na kijana mwingine, Michael Latta, ambaye hakuwahi kuwa nyota.

Erat hakuwa galasa jamani, tumtendee haki. Alikuwa Nashville tangu 2001, na msimu wa 2011-12 alimaliza na pointi 58 (kule bao ni pointi moja na pasi ya bao ni pointi moja). Na McPhee hakuwa mwendawazimu. Alikuwa na Alex Ovechkin wa miaka 27, mfungaji hatari kuliko wote duniani, na kabati halina kombe. Timu ilikuwa imeanza vibaya halafu ikashika kasi. Akasema sasa hivi ndiyo wakati.

Kilichofuata mnakijua au mnakikisia. Mwaka ule Washington walitolewa raundi ya kwanza na New York Rangers kwa mechi saba. Msimu uliofuata Erat akajikuta anasukumwa hadi safu ya nne, na kufika mwezi wa 11 mwaka 2013 yeye mwenyewe akaomba aondolewe. Machi 2014 akapelekwa Phoenix. Hesabu yake Washington kwenye ligi: mechi 62, mabao 2. Mawili, wadau. Timu ikakosa kabisa mtoano mwaka huo, na mwezi wa nne McPhee akanyimwa mkataba mpya baada ya kukaa kwenye kiti tangu 1997.

Forsberg je? Msimu wa 2014-15, wa kwanza kwake kucheza kamili, mabao 26. Uliofuata 33. Mwaka 2017 akafika fainali na Nashville. Msimu wa 2021-22 akafunga 42, mwaka 2022 akasaini miaka 8 kwa dola milioni 68, na msimu wa 2023-24 akafunga 48, rekodi ya klabu kwa msimu mmoja. Amepita mabao 300 na jezi ni ile ile.

Kuanzia hapo mashabiki wa Washington wakawa na wimbo mmoja tu. Ukimtaja McPhee unajibiwa na jina moja: Forsberg. Na mimi nakiri, nilikuwa mwimbaji wa kwaya hiyo. Nilimtukana huyu mzee vya kutosha, eti alipigwa changa la macho mchana kweupe.

HALAFU MAMBO YAKAGEUKA

Mwaka 2016 McPhee akapewa kazi mpya: kuunda timu kutoka sifuri, Vegas Golden Knights, iliyoingia ligi msimu wa 2017-18. Kwenye uteuzi wake wa kwanza, Juni 2017, akawa na nafasi tatu ndani ya 15 za mwanzo. Akamchukua Cody Glass namba 6, Nick Suzuki namba 13 na Erik Brännström namba 15. Watu wakasema haya, safari hii mzee amejifunza, atalea.

Wapi! Suzuki hakuwahi kuichezea Vegas hata mechi moja ya ligi. Septemba 2018 akapelekwa Montreal pamoja na Tomas Tatar, akaja Max Pacioretty. Februari 2019 Brännström akapelekwa Ottawa, akaja Mark Stone. Mwaka 2021, wakati McPhee amepanda kuwa rais wa masuala ya hoki na meneja mkuu ni Kelly McCrimmon, Glass naye akaondoka, akaja Nolan Patrick. Novemba mwaka huo huo Peyton Krebs, aliyechaguliwa namba 17 mwaka 2019, akapelekwa Buffalo pamoja na Alex Tuch na nafasi mbili za uteuzi, akaja Jack Eichel. Yaani ukiwa dogo Vegas usifungue hata begi.

Kwaya ikapata beti jipya. Huyu mzee hajui kulea! Na mwaka 2021 Montreal ya Suzuki ikaitoa Vegas kwenye nusu fainali. Mwaka 2022 Suzuki akawa nahodha wa Montreal akiwa na miaka 23, mdogo kuliko nahodha yeyote katika historia ya klabu ile kongwe. Mwaka huo huo Pacioretty, aliyekuja badala yake, akaachiwa aende Carolina bila malipo ya maana, kwa sababu mshahara wake wa dola milioni 7 ulikuwa unaizidishia timu kikomo. Mnaona? Forsberg wa pili huyu.

Basi, Juni 2023 Vegas wakachukua Kombe la Stanley. Mechi ya mwisho waliwafunga Florida 9-3, na nahodha Mark Stone akafunga matatu peke yake. Aliyeongoza kwa pointi kwenye mtoano mzima ni Jack Eichel, pointi 26. Wale wale waliokuja kwa kuuza madogo.

Hapo ndipo mimi nilinyamaza kidogo nikaanza kufikiri upya.

Kuna na kichekesho kingine. Mwaka 2018 Vegas ya McPhee ilifika fainali msimu wake wa kwanza kabisa, na iliyomfunga ni nani? Washington, 4-1. Na nani aliwachagua Ovechkin, Backstrom, Carlson, Holtby, Kuznetsov na Wilson? McPhee huyo huyo, enzi zake. Timu aliyoilea ndiyo ilimnyima kombe.

KAMBI MBILI, NA ZOTE ZINANIKERA

Kila ubishi wa namna hii huwa una kambi mbili.

Kambi ya kwanza inasema dogo hauzwi. Mvumilie, mpe dakika, atakulipa. Ushahidi wao ni Forsberg na Suzuki. Kambi ya pili inasema chipukizi ni ahadi tu, na ahadi haifungi bao. Uza wakati bei iko juu. Ushahidi wao ni kombe la 2023, pamoja na Brännström, ambaye Ottawa hawakumpa mkataba mpya mwaka 2024 akaanza kuhangaika timu hadi timu.

Kinachonikera ni kwamba kambi zote mbili zinahukumu baada ya miaka 10, na majedwali ya mabao mkononi. Hiyo ni rahisi, hata bibi yangu anaweza. Ukiwa na matokeo ya jana kila mtu ni mtabiri. Swali la haki ni hili: siku ile ya biashara, bosi alikuwa anajua nini, na alijiuliza nini?

Mimi nimejaribu kuzipanga biashara hizi kwa maswali matatu. Mnisahihishe kama nimechemsha.

La kwanza: unayemchukua ana miaka mingapi mbele yake? Erat alikuwa na 31. Mshambuliaji wa hoki wa umri huo anaanza kuteremka mlima, hilo halikuwa siri mwaka 2013. Stone alikuwa na 26 na Vegas wakamfunga mkataba wa miaka 8. Eichel alikuwa na 25, namba 2 wa uteuzi wa 2015, na alipatikana kwa sababu tu alikuwa amegombana na Buffalo kuhusu upasuaji wa shingo. Kwa hiyo McPhee wa 2013 alinunua jana. Vegas ilinunua kesho iliyokwisha iva.

La pili: unaye mahali pa kumweka? Hapa ndipo Washington walikosea kuliko mahali pengine popote, na ndipo watu hawapasemi. Huwezi kutoa lulu yako ya namba 11 ukamleta mtu ambaye mwisho wake ni safu ya nne, dakika chache, hapewi kazi aliyoizoea. Ni kama ununue ng'ombe wa maziwa halafu umfunge kulima. Erat alikuwa mtu wa kutengeneza mabao. Bila dakika na bila wenzake wa maana angetengeneza nini? Stone kwa upande wake alipewa safu ya juu na Januari 2021 akapewa unahodha, wa kwanza katika historia ya timu. Meneja na kocha walikuwa wanasoma kitabu kimoja. Washington kila mtu alikuwa na chake.

La tatu, na hili ndilo linanigusa zaidi: dogo mwenyewe anakua wapi?

KULEA KUKOJE HASA

Tunasema sana "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", lakini kulea mchezaji ni nini? Siyo kumpigia makofi. Ni dakika uwanjani.

Angalieni Nashville walichofanya. Msimu wa 2013-14 Forsberg alianza nao, akaonekana bado hajakaa sawa. Alicheza mechi 13 tu za NHL, bao 1. Wakati ule shabiki wa Nashville angeweza kusema tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini hawakumkalisha safu ya nne kuangalia wenzake. Wakamshusha Milwaukee, timu yao ya ligi ya chini, ambako alicheza mechi 47 akafunga 15, anacheza dakika nyingi, anakosea, anarudia. Ni kama zile timu zetu zinapomtoa kijana kwa mkopo ili asioze benchi, ila kule timu ya chini inafanya kazi na timu kubwa moja kwa moja, kocha wa chini na wa juu wanapigiana simu. Msimu uliofuata akapanda, na hakushuka tena.

Mwezi mzima wa makosa Milwaukee hakuna aliyemzomea kwenye televisheni ya taifa. Hiyo nayo ni malezi.

Sasa linganisheni na Tom Wilson. Huyu alichaguliwa na Washington hiyo hiyo, mwaka huo huo wa 2012, namba 16, nafasi tano tu nyuma ya Forsberg. Yeye alibakizwa. Lakini alikuwa na tatizo la kisheria: alitoka kwenye ligi za vijana zilizo chini ya mfumo wa Kanada, na makubaliano ya wakati ule yalisema kijana wa miaka 19 kutoka huko hawezi kupelekwa ligi ya chini ya kulipwa. Ama abaki NHL ama arudishwe kwa watoto wenzake. Mswidi hakufungwa na sheria hiyo. Basi Wilson akabaki juu, msimu mzima wa 2013-14 mechi 82, safu ya nne, chini ya dakika 8 kwa mechi, mabao 3.

Kwa takwimu hizo, wewe shabiki ungesemaje? Mimi najua ningesemaje. Ningesema auzwe kesho asubuhi. Wengi walisema hajui kitu zaidi ya kupigana ngumi. Ilimchukua hadi msimu wake wa tano, 2017-18, kufikisha mabao zaidi ya 10 kwa msimu, alifunga 14. Na msimu huo huo ndio waliochukua kombe, yeye akiwa upande mmoja na Ovechkin safu ya kwanza. Msimu wa 2024-25, akiwa amepita miaka 30, akafunga 33. Miaka mitano ya kusubiri, wadau. Nani kati yetu ana subira ya miaka mitano? Sisi kocha akipoteza mechi tatu tunataka hela yetu.

Kwa hiyo Washington walikuwa na madogo wawili wa raundi ya kwanza mwaka mmoja. Mmoja walimuuza kwa haraka wakajuta. Mwingine walimvumilia kwa ubishi wakachukua naye kombe. Bosi aliyewachagua ni mmoja. Ndiyo maana nasema, ukiniambia "McPhee anauza" au "McPhee analea", hujaniambia kitu.

WANAOBAKI NJIANI

Kabla sijafunga, tuwataje wale ambao hawaingii kwenye ubishi wetu.

Brännström alikuwa na miaka 19 alipobadilishwa na Stone. Alifika Ottawa akiwa amebeba mzigo: mashabiki walikuwa wamempoteza mchezaji wao bora, na kila alipokosea walimpima kwa Stone. Glass aliumia goti mwaka 2020, mwaka uliofuata akahamishwa. Alipofika Nashville na kupewa nafasi, msimu wa 2022-23 alifunga mabao 14, kisha naye akaendelea kuhamahama. Nolan Patrick, aliyekuja Vegas badala yake, alikuwa namba 2 wa uteuzi wa 2017, nafasi nne juu ya Glass. Maumivu ya kichwa yalimwandama, akaichezea Vegas mechi 25, na tangu 2022 hajaonekana tena uwanjani. Biashara ile hakuna aliyeshinda, lakini kwa kuwa kombe lilikuja, hakuna anayeiuliza.

Hawa ni vijana wa miaka 19, 20, 21. Wengi wenu mnaosoma hapa ndio umri wenu. Umri huo wewe hujajua hata chuo utamaliza vipi, halafu watu elfu 18 uwanjani wameshaamua kwamba wewe ni galasa. Tuchore tofauti kati ya kipaji kibovu na kipaji kilichokosa mahali pa kukulia. Forsberg wa mechi 13 na bao 1 angekuwa kwenye timu yenye haraka, leo tungekuwa tunamkumbuka? Sina uhakika kabisa. Suzuki angebaki Vegas nyuma ya mastaa, angekuwa nahodha wa mtu? Huenda kuuzwa ndiko kulimwokoa. Montreal walikuwa na shida ya mtu wa katikati, wakampa dakika, akakua. Msimu wa 2024-25 alimaliza na pointi 89.

Na hilo ndilo nililojifunza kwa kumfuata huyu mzee niliyemtukana. Kuuza dogo siyo dhambi. Wakati mwingine ni neema kwa dogo mwenyewe. Dhambi ni kumuuza bila kujua unanunua nini na utamweka wapi uliyemnunua. Na dhambi ya upande wa pili, ambayo kambi ya "dogo hauzwi" haiikiri, ni kumng'ang'ania kijana huku humpi dakika, unamwozesha halafu unasema hakuwa na kitu.

Kwa hiyo hukumu yangu: Kwa Forsberg, McPhee alistahili lawama, na hata kombe la 2023 halimfutii. Alinunua mtu wa jana, hakuwa na mahali pa kumweka, na aliyempa dogo alikuwa na mahali pa kumkuza. Maswali matatu, kafeli yote, na yote yalikuwa yanajibika siku ile ile ya tarehe 3 Aprili. Lakini sisi tuliosema hajui kazi, tulimwonea. Mtu asiyejua kazi hawezi kuacha nyuma yake timu inayochukua kombe 2018, halafu akaenda jangwani akasaidia kujenga nyingine ikachukua 2023. Alichokosea aliacha kukirudia. Aliendelea kuuza, ila alianza kuchagua.

Huo ni upande wangu. Najua kuna wanazi wa Montreal watakaosema nimemdogosha Suzuki, na kuna wa Buffalo watakaonikumbusha kwamba Tuch alifunga 36 msimu wa 2022-23, kwa hiyo hata wao hawakutoka mikono mitupu kwenye lile dili la Eichel. Karibuni, mlango uko wazi.

Swali la kuwaachia: wewe ungekuwa kwenye kiti cha Washington Aprili 2013, una Ovechkin wa miaka 27, kabati tupu, mashabiki wanakupigia kelele, na mezani una dogo wa miaka 18 hajakuchezea hata mechi moja. Ungefanyaje? Na usinijibu kwa kuangalia jedwali la mabao, jibu kama mtu wa siku ile.

Toeni maoni hapo chini, matusi hapana. Tukutane wiki ijayo.